Anayetaka kazi ya zimamoto aanze na ngazi

Mhariri,

Kila uvumi wa nafasi za zimamoto au ambulansi unapovuma hapa Lamu, barabara ya ufuoni hujaa vijana wakikimbia tangu alfajiri. Si vibaya, lakini kwa kazi hii hizo ni mbio za sakafuni. Mzima moto hubeba, huvuta na hupanda, tena akiwa na nguo nzito mwilini na mtungi wa hewa mgongoni. Mhudumu wa ambulansi naye hushusha machela kwenye ngazi zisizo na nafasi ya kupishana watu wawili.

Tuangalie kipimo cha nguvu za mwili cha waombaji wa kazi ya zimamoto kinachotumika sana Marekani na Kanada, kiitwacho CPAT. Kina vituo 8, na vyote vimalizwe katika dakika 10 na sekunde 20, mtahiniwa akiwa amevaa fulana ya uzito wa kilo 22 na ushei. Kituo cha kwanza ni ngazi. Hapo huongezewa kilo 11 mabegani, akapanda kwa dakika 3, vidato 60 kila dakika, na haruhusiwi kushikilia chuma cha pembeni. Akimaliza, mapaja yakiwa yanatetemeka, bado ana kazi nyingine 7 mbele yake, mojawapo kuburura sanamu ya kilo 75 kwa mita 21 hivi. Kaunti si lazima ipime vivyo hivyo, ila uzito wa mtu aliyezimia haubadiliki kwa kuvuka bahari.

Bahati yetu ni kwamba mji huu umejaa ngazi. Tia mchanga kilo 10 katika mkoba wa mgongoni, ufunge usicheze. Panda na kushuka ghorofa mbili tatu kwa dakika 3, pumzika 2, urudie mara 4. Fanya siku 3 kwa wiki, na kila wiki ongeza kilo 2. Wiki ya 8 utakuwa umefika kilo 24. Kushuka nenda taratibu, kwa sababu magoti huumia zaidi unaposhuka kuliko unapopanda. Anayeanza na kilo 20 siku ya kwanza, kwa pupa ya tangazo lililotoka jana, huishia kuchechemea wiki ya pili.

Viganja navyo vinataka mazoezi yake. Mitungi miwili ya maji ya lita 20, mmoja kila mkono, mita 30 bila kutua. Utaona vidole vinaachia kabla miguu haijachoka. Kwa kuburura, gunia la mchanga linatosha: chuchumaa, likumbatie kama unavyomshika mtu chini ya makwapa, nyoosha mgongo, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Wengi huinama wakavuta kwa mikono, ndipo kiuno kinapokatika.

Kuna jambo la mpira wa maji ambalo vijana wa mji mkongwe wanapaswa kulijua kuliko wa kwingine, maana gari la zimamoto haliingii vichochoroni mwetu. Mpira wa upana wa milimita 70 hubeba karibu lita 4 za maji kila mita. Kipande cha mita 20 kikijaa, kina kilo 77 za maji peke yake. Ndiyo maana hutandazwa ungali mkavu, na kila penye kona husimama mtu wa kuulisha. Ukijaa kabla ya kupita kona, hung'ang'ania ukutani, na wanaume watatu wanaweza kushindwa kuusogeza.

Mahojiano pia huwaangusha watu wenye misuli. Chukua swali hili: mtu ametumbukia kisimani, hajibu anapoitwa, utafanya nini? Mwenye moyo husema, "Nitashuka nimtoe." Hapo amekosa. Hewa ya kisimani huweza kuwa mbovu, hasa palipowashwa pampu ya petroli, na anayeshuka bila mtungi wa hewa na kamba ya uokozi huwa maiti wa pili. Jibu ni kuwazuia watu wasishuke, kuita msaada, kisha kushuka kwa vifaa au kutoshuka kabisa. Vivyo hivyo kwa gesi ya kupikia iliyovuja: ni nzito kuliko hewa, hutanda chini, basi usiguse swichi hata ya kuzima taa.

Ukiletewa mdoli wa kusukumwa kifua, kama mtu ambaye moyo wake umesimama, kumbuka 30 kwa 2: misukumo 30, pumzi 2. Kina ni sentimita 5 hadi 6, mwendo 100 hadi 120 kwa dakika, viwiko vimenyooka. Woga humfanya mtu akimbize mikono, na kifua hakipati muda wa kurudi juu, basi moyo haujai damu.

Asubuhi ya vipimo, miraa na vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu viache. Hupandisha mapigo ya moyo na presha, na daktari atasoma alichokiona kwenye mashine, si maelezo yako. Ikiangukia Ramadhani, mazoezi mazito yahamishie baada ya futari. Jua letu nalo lizoee kidogo kidogo. Mwili huhitaji kama wiki 2.

Cheti cha mwenendo mwema kiombwe mapema, kwani alama za vidole hazirudi na majibu siku hiyo hiyo. Na tangazo likiandika tu "awe na afya njema", mwombaji ana haki ya kuuliza kwa barua atapimwa nini, kwa uzito gani na kwa muda gani. Wanaotangaza nafasi hizo tunawaomba wayaandike hayo humo humo kwenye tangazo, wiki 8 kabla ya siku yenyewe.

Wakufunzi wa huduma ya kwanza,
Langoni, Lamu