Udahili wa nje: tatizo ni kalenda

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu vijana wanaopata udahili katika vyuo vya nje kisha wakakwama kwenye viza. Kwa maoni yangu, wengi hawaangushwi na alama bali na kalenda. Uingereza, kwa mfano, hutaka fedha za ada na za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya maombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Sisi yalitukuta siku ya 26: makato ya benki (makato tu, jamani!) yalipunguza salio, na binti yangu akakosa muhula wa kwanza.

Ujerumani nayo husifiwa kwa elimu bila ada, ilhali jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wengi wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017.

Naomba shule za sekondari ziwape wanafunzi ratiba ya maandalizi angalau mwaka mmoja kabla, na gazeti lenu litenge safu ya masharti na tarehe za mwisho. Matangazo ya mawakala tumeshayasoma ya kutosha.

Wenu,
Mzazi