Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu: Igizo la Gogo, Karo, na Lile Jambo la Dirishani

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu kutoka ofisini. Muhula umekwisha, ripoti mnazo (waliokuja kuzichukua), na kabla sijaanza kulalamika, niacheni kwanza nijivune.

Mliokuwepo siku ya kufunga mnajua ninaelekea wapi. Gredi ya Tano walituigizia maisha ya Gogo, yaani Priscilla Sitienei wa Ndalat, kaunti ya Nandi, na tangu nianze kazi hii sijauona ukumbi wetu ukitulia vile. Mwalimu wao alikuwa amependekeza Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Wasichana wakakataa katakata. Kila mwaka Maruge, Maruge. Kwani nyanya hawasomi?

Wakaenda kumsoma nyanya wao. Gogo, ambalo ndilo jina la nyanya kwa Wakalenjin, alikuwa mkunga kijijini kwao kwa zaidi ya miaka 65. Utotoni hakupata nafasi ya kusoma. Mwaka 2010, umri ukikaribia miaka 90, akaenda kuomba nafasi katika shule ya msingi pale Ndalat. Mara ya kwanza walimkatalia. Walipoona hatanii, wakamfungulia mlango, akavaa sare kama wengine na kuishi bwenini. Shuleni hapo walikuwemo watoto wa ukoo wake mwenyewe, na baadhi ya wanafunzi wenzake ni yeye aliyewapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa.

Hilo la mwisho ndilo watoto walilolikamata. Msichana aliyeigiza Gogo alitoka na kitambaa kichwani, sweta ya shule imemfika magotini, mkongojo mkononi. Akaketi kwenye dawati, akauegemeza mkongojo ukutani polepole kama mtu anayelaza mtoto, kisha akainua kidole. Mvulana wa kando akaanza kumnong'onezea jibu. Yule binti akageuka: "Nyamaza wewe. Kitovu chako nilikikata mimi!" Maneno hayo ni ya watoto, msiyatafute kwenye magazeti, lakini nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Halafu wakatunyamazisha. Walieleza kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alitaka pia kuandika dawa za miti shamba alizozijua, zisije zikazikwa naye. Na alitaka wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba wamwone akiwa na daftari, wakose la kusema. Filamu ilitengenezwa kumhusu, akasafiri mpaka Ufaransa, kisha akarudi kwenye dawati lake. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, akijiandaa kwa mitihani. Alikuwa darasani hadi siku tatu kabla ya kifo chake.

Siku tatu. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Gredi ya Sita wamemaliza KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi, salama. Paa la jikoni limerekebishwa. Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti, upande wa kushoto, kwa hivyo msinipigie simu kuiuliza.

Sasa rejista. Nimeipitia yote, jina kwa jina, na nimeudhika. Kuna mtoto hakuja kwa sababu kulikuwa na matone ya mvua. Kuna mwingine aliyebaki nyumbani kumlinda mbuzi mgonjwa, na sikuambiwa mbuzi alifikia wapi. Kuna wale wa kila Ijumaa, maana mzazi ameamua kwamba "Ijumaa hawafanyi kitu". Ijumaa tunafanya hesabu za sehemu, mzazi. Ndiyo sababu mwanao anadhani robo ni kubwa kuliko nusu. Ajuza wa miaka 99 alikosa siku tatu, naye alikuwa anakata roho. Wako alikuwa na nini?

Kuhusu karo. Wale ambao mambo yamewalemea nawajua, kwa sababu mlikuja ofisini, tukaketi, tukaandikiana mtakavyolipa. Sina neno nanyi, na hakuna mtoto wenu atakayeitwa jina lake mbele ya gwaride. Nasema na wale wanaoniandikia "wiki ijayo, mwalimu" tangu muhula wa kwanza, halafu nawaona kwenye picha za sherehe wameshona nguo za kufanana ukoo mzima. Mpishi wetu ana watoto. Muuza maharagwe hapokei ahadi. Mwaka jana nilinyamaza, mkadhani nimesahau. Daftari la madeni liko mezani pangu na litakuwa pale tarehe ya kufungua, kwa hivyo mje nalo jibu, si salamu.

Nimefika kwenye jambo lililoniudhi kuliko deni lolote.

Baada ya igizo, nyanya wa mwanafunzi mmoja wa Gredi ya Pili alikuja kuchukua ripoti ya mjukuu wake. Mwalimu alimpa kalamu, nyanya akaomba wino wa kidole gumba. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama angeweza kuketi nyuma ya darasa kidogo aone herufi zinavyoandikwa. Mwalimu akamkaribisha na kumpa chaki. Alikuwa akiandika herufi ya kwanza ya jina lake, ameinamia ubao mdogo, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama wafanyavyo watoto wetu wote, wavulana watatu wa Gredi ya Sita walipojipanga dirishani na kuanza kumwigiza anavyotembea. Waliimba, "Nyanya nenda ukalale!" Nusu saa kabla walikuwa wameketi mstari wa mbele, wakimpigia makofi Gogo.

Watoto nitawarekebisha, hiyo ni kazi yangu. Lakini kulikuwa na mzazi pale nje, mtu mzima. Alichofanya ni kutoa simu, akarekodi video, akaituma kwenye kundi letu la wazazi na vikatuni vya kucheka. Wengine mkajibu kwa vicheko vyenu. Nimehesabu. Nyanya alifuta ubao kwa kiganja, akaaga kwa heshima, akaondoka, na ile herufi haikukamilika.

Video hiyo iondolewe leo. Mzazi aliyeituma, na wazazi wa wale watatu, nawasubiri Jumatatu saa mbili asubuhi, pamoja na wavulana. Tutatoka ofisini tukiwa kikundi kimoja, tutaenda kwa miguu hadi kwa nyanya, na hakuna atakayeniambia ana dharura. Mimi nimeshakwenda peke yangu mara moja. Alinipa chai, akaniambia amesamehe, akakataa kurudi. Nitaendelea kumwomba. Dawati tumeshamtengea, nyuma, mbali na dirisha.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Mkongojo uliotumika kwenye igizo uliazimwa kwa babu wa mwanafunzi na haujarudishwa. Mzee hatoki nyumbani tangu siku hiyo. Aliyeuchukua aulete ofisini, sitauliza maswali mengi.