Si buibui huyo, ila msiharakishe kumpa jina

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapisha picha ya mdudu mwenye manyoya marefu, aliyeokotwa na kijana mmoja chini ya jabali upande wa barabara ya Garissa. Chini yake mkaandika "buibui wa ajabu". Nilichukua lenzi yangu ya kusomea gazeti nikahesabu miguu: sita. Nikarudia, maana macho ya uzee siyaamini sana. Sita tena. Buibui ana minane.

Tangu siku hiyo simu haijatulia. Wanafunzi wangu wa zamani wanasema ni yule nzi wa Ukasi, kilima kilicho kando ya barabara hiyo ya Garissa, nami niwathibitishie. Natamani awe ndiye. Nzi huyo, ambaye wataalamu wanamwita Mormotomyia hirsuta, alikusanywa mara ya kwanza mwaka 1933 kwenye ufa wa jabali wanamoishi popo. Ernest Austen wa makumbusho ya London akamwandika rasmi mwaka 1936. Alionekana tena mwaka 1948, kisha kimya hadi Desemba 2010, pale Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na mtaalamu wa nzi Ashley Kirk-Spriggs walipompata palepale Ukasi. Katika uainishaji wa wadudu ana familia yake peke yake, hana spishi nyingine humo. Harukii popote, kwa kuwa mabawa yake yamesinyaa yakabaki kama vijikanda, na funza wake hukulia kwenye mavi ya popo.

Lakini kwa picha ile, siwezi kuapa. Kwanza, hakuna kitu cha kulinganisha ukubwa, hata sarafu ya shilingi moja. Nzi wa Ukasi hufika kama sentimita moja. Sasa, wapo nzi wengine wanaoishi mwilini mwa popo wakiwanyonya damu, nao hawana mabawa kabisa, wana miguu mirefu, na mtu akiwaona mara moja atadhani ni buibui. Hao ni wadogo, milimita chache tu, na kichwa chao kimekunjwa nyuma kikalalia mgongo. Kwenye picha yenu kichwa hakionekani kabisa. Kimefunikwa na kivuli cha kidole cha mpiga picha! Na kama vile vijikanda vya mabawa vipo, manyoya yamevificha.

Kwa hiyo mdudu mwenyewe anahitajika. Chini ya darubini mtu atayafunua manyoya kwa sindano aone bawa, atazame mpangilio wa nywele za kichwani na, kwa dume, viungo vya uzazi, ambavyo kwa nzi wengi ndivyo huamua kesi. Kipande cha mguu kinaweza kupimwa vinasaba. Ni vipimo hivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba nzi wa Ukasi, pamoja na sura yake ya kutisha, ana ujamaa na vile vinzi vinavyozunguka ndizi zilizoiva. Kwa sura tu, nani angekisia?

Mwandishi wenu alisema kijana alimtia mdudu kwenye kisanduku cha kiberiti. Tafadhali mpigieni leo. Asimtupe, wala asimchome pini kwa kubahatisha. Amtie kwenye kichupa chenye spiriti kali, na ndani aweke kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli (wino wa kalamu huyeyuka): mahali hasa alipomwokota, tarehe, na kama kulikuwa na popo au mvua ilikuwa imenyesha. Mvua nina sababu ya kuitaja, kwani maji yakipita kwenye ule ufa wa Ukasi huwasomba nzi na funza hadi nje. Kisha ampeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, pamoja na picha zote alizopiga, hata zile mbaya.

Na asirudi kuwaokota wengine kwa ndoo. Mmoja anatosha kwa sasa. Ninyi nanyi, sahihisheni ile "buibui" katika toleo lijalo. Wajukuu wangu wameshaikata picha wakaibandika ukutani na jina lake.

Mwalimu mstaafu,
Mwingi