Barua ya Wazi: Naomba Kikombe cha Mfungwa wa Tabora Kirudi Nyumbani

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua tatu nilizozileta kwa mkono na kugongewa muhuri hazikujibiwa, na kwa sababu ya niliyoyaona Jumanne iliyopita katika ghala la ofisi yako.

Ni miaka minne sasa tangu familia yetu ya Mbweni iwaazime kikombe cha bati cha baba wa bibi yangu, kwa maonyesho ya miezi mitatu. Alikuwa mwalimu wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, upande wa Bonde kule Tanga, na vita vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani waliwashuku walimu wale kuwa ni watu wa Waingereza, wakawakamata. Yeye alifikishwa Tabora, akafungwa humo mpaka Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916. Kikombe hicho ndicho pekee alichorudi nacho Unguja. Mkono wa kikombe ulikatika akaufunga kwa waya, na kwenye kitako alikwangua kwa msumari herufi mbili za jina lake. Mama yangu alikiweka kashani, ndani ya kipande cha kanga, na kila alipokitoa alitwambia tukishike kwa mikono miwili.

Jumanne nilionyeshwa sanduku lililorowa kwa mvua za masika. Kikombe hakikuwamo, kilikuwamo kipande cha waya chenye kutu. Nadhani lebo ilibanduka vitu vilipohamishwa kupisha ukarabati, au mtu alikichanganya na vyombo vya jikoni. Kijana aliyenipokea aliniambia kwa adabu, "Mzee, hiki si ni kikombe tu?"

Mheshimiwa, kule Bad Arolsen, Ujerumani, zimetunzwa saa, pete, kalamu na picha walizonyang'anywa wafungwa wa kambi za Wanazi, na tangu 2016 watunzaji wamekuwa wakizitafuta familia nchi kwa nchi ili wazirudishe. Sisi hatuhitaji kutafutwa. Nyumba yetu mnaijua, kwani uliketi barazani petu ukamwahidi mama yangu kwamba kikombe kitarudi kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, na risiti yenye sahihi ya ofisi yako ninayo.

Mama ametimiza miaka 86 na haoni vizuri. Kila Jumapili huniuliza kama kimerudi, nami humjibu bado. Naomba kitafutwe ghalani, jikoni, popote, kirudishwe. Hata kama kimetoboka. Hata bila ya mkono.

Kitukuu wa mfungwa wa Tabora,
Mbweni, Unguja