Mama, nimempeleka mdogo wangu kwenye kaburi la askari farasi

Sturgis, South Dakota
14 Novemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepungua kuuma. Huku baridi imeshaingia. Nikitoka zamu ya usiku asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwanza, ndipo nianze safari ya kurudi kulala.

Nimeona niandike kwa sababu Jumapili ile ulipokata simu unalia, nilikaa mpaka alfajiri sijafumba jicho. Uliniambia, "Wewe ndiye mkubwa, mkataze." Mama, kitinda mimba wako ana miaka 22. Amekwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kuandikisha askari, amerudi na makaratasi, ameyapanga mezani kama mtu anayepanga vitabu vya shule. Nikimkataza atanyamaza tu, halafu atakwenda. Unamjua.

Waliyomwambia pale ofisini si uongo. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuingia jeshini, uraia anaupata mapema kuliko sisi tunaongoja, na baadaye wanamlipia chuo. Jambo hili ni la zamani sana hapa. Tangu mwaka 1862 wana sheria inayomwezesha mgeni aliyetumikia jeshi akaagwa kwa heshima kuwa raia kwa njia ya mkato. Ndiyo maana badala ya kugombana naye nilimwambia Jumamosi asifanye kazi, tutoke. Nikampeleka kumwona mhamiaji mwenzetu aliyepita njia hiyo hiyo anayotaka kupita yeye.

Nje kidogo ya mji huu, pembeni ya barabara kuu, kuna makaburi ya askari. Mawe meupe yamepangwa kwa mistari mpaka macho yanachoka. Jiwe tulilolifuata ni la Charles Windolph. Alizaliwa Prussia mwaka 1851. Vita vya Wajerumani na Wafaransa vilipopamba moto, vijana wa rika lake wakichukuliwa jeshini, yeye alitoroka, akapitia Sweden mpaka Marekani. Na huku alikokimbilia, hana kazi, hana lugha, mlango uliokuwa wazi ni ule ule alioukimbia kwao. Akaandikwa kuwa askari. Hapo mdogo wangu alicheka kidogo, halafu akaacha.

Mshahara ulikuwa dola 13 kwa mwezi. Njiani walikula biskuti ngumu kama vigae, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, maharage na kahawa. Alikuwa kwenye Kikosi cha 7 cha wapanda farasi, kombania H, chini ya Kapteni Benteen. Zaidi ya theluthi ya askari wa kikosi kile walizaliwa nje ya Marekani, wengi wao Waairishi na Wajerumani. Jeshi lilikuwa mahali pa kula, pa kulala na pa kuokoteza Kiingereza. Mama, mimi nilipofika na kuanza kubeba boksi, nilijifunza Kiingereza cha hapa kwa kufokewa ghalani. Nadhani naelewa walivyokuwa.

Sasa nikueleze siku iliyompa nishani. Wewe utaielewa haraka kuliko watu wa hapa, kwa sababu ina sura ya Lugalo. Unakumbuka babu alivyotusimulia, Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na bunduki zake anapita kwa majivuno, na Wahehe wanamtokea kutoka vichakani na mikuki? Huku ilitokea miaka 15 kabla, tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto wa Little Bighorn, Montana. Kamanda aliitwa Custer. Alikigawa kikosi chake mafungu, akaenda kushambulia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nchi hii, watu wa Sitting Bull na Crazy Horse, bila kujua ni kubwa kiasi gani. Custer na watu wapatao 210 waliokuwa naye wakaisha wote jioni ile. Ukihesabu na waliokufa upande mwingine wa uwanja, jeshi lilipoteza watu 268.

Kabla hajaisha, Custer alimtuma mpiga tarumbeta wake akamwite Benteen alete risasi upesi. Kijana yule alikuwa Mwitalia, Giovanni Martini, naye wa kombania H. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, basi afisa mmoja, yeye mwenyewe mtu wa Kanada, akamwandikia ujumbe kwenye karatasi. Karatasi ile ikamwokoa, kwa sababu waliobaki nyuma hakurudi hata mmoja. Nilipomsimulia hilo mdogo wangu alisema, "Dada, sasa hivi nami ningepewa karatasi." Hakuwa anatania.

Alikuwapo pia mtu mweusi, Isaiah Dorman, mkalimani, aliyeoa katika Wasioux, watu ambao Walakota ni sehemu yao. Alifia kule bondeni siku ile ile. Mtu kama yeye Walakota walimwita wasicun sapa, yaani mzungu mweusi. Neno hilo limenikaa kichwani, mama. Najiuliza wangetuita nani sisi.

Kombania ya Windolph ilikuwa kilimani na Benteen, imeungana na askari wa fungu jingine waliokimbia kutoka bondeni. Mwaka jana nilifika pale, ni mwendo wa karibu saa nne kwa gari kutoka hapa. Kilima ni kikavu, nyasi fupi, hakuna mti. Mto unauona kabisa chini, unang'aa, ila kati yako na maji kuna mteremko na korongo. Usiku wenzao walichimba mahandaki kwa visu na sahani za bati, maana majembe yalikuwa ya kuhesabu, lakini kombania H haikuchimba. Kulipokucha walikuwa wamelala juu ya ardhi tupu. Mwenzake Windolph aliyelala ubavuni mwake, Julian Jones, akapigwa risasi akafa pale pale.

Majeruhi walilazwa kwenye kishimo katikati ya kilima, farasi na nyumbu wakipangwa kuwazunguka ili wawakinge. Jua la Juni, jeraha limefungwa kwa kitambaa, na maji hakuna tangu jana. Mimi kazi yangu ni kuwanywesha wazee maji kwa kijiko usiku, najua mgonjwa mwenye kiu anavyokushika mkono. Kwa hiyo sehemu hii siwezi kuisimulia kwa haraka.

Tarehe 26 asubuhi wakajitokeza watu wa kuteremka korongoni na masufuria na vibuyu vya askari. Korongo liliwaficha mpaka karibu na mto, halafu zikabaki hatua za kukimbia mahali peupe, na ng'ambo ya mto wapiga shabaha wa Kilakota wamelala wanawangoja. Ili wale waende na kurudi, askari wanne wa kombania H walipangwa ukingoni mwa kilima, waonekane, wapige bila kuacha, risasi za ng'ambo ziwageukie wao: Geiger, Mechlin, Voit na Windolph. Voit naye alizaliwa Ujerumani. Hao wanne walikaa pale wakiwa shabaha ya kila mtu, na maji yakafika kwa majeruhi. Kwa kilima kile zilitolewa Nishani za Heshima 24, nyingi kwa wachota maji, na wanne hawa walipata zao mwaka 1878. Hakuna nishani ya kijeshi iliyo juu ya hiyo Marekani.

Nasema mbele yako bila kusita, mama, kwamba yule alikuwa shujaa. Mtu aliyejiweka mbele ya bunduki ili mgonjwa anywe maji, sitamvua hilo.

Lakini nilimwambia mdogo wangu kwamba safari haijaisha, turudi kwenye gari. Tukapanda milimani mpaka mji wa Lead. Katikati ya mji kuna shimo, mama, shimo lililokula mlima mzima, unalichungulia kutoka ukingo wa mtaa. Ni mgodi wa dhahabu wa Homestake. Walichimba zaidi ya miaka 120, wakashuka karibu mita 2,400, wakatoa dhahabu zaidi ya tani 1,200, wakaufunga mwaka 2002. Windolph alipoacha jeshi mwaka 1883 alikuja kukaa hapa, akaufanyia kazi mgodi huu miaka 49.

Na milima hii ni ya nani? Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliandika kwamba ni ya Wasioux, Walakota wakiwamo, na mzungu haruhusiwi kukaa. Mwaka 1874 Custer huyo huyo akaingia na msafara wa watu kama elfu moja, wakaona dhahabu, wakaitangaza. Wachimbaji wakamiminika. Serikali ikataka kununua, Walakota wakakataa kuuza, ndipo vita vya 1876 vikaja, na mwaka 1877 milima ikachukuliwa kwa sheria. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hii ilitamka kwamba wenyewe wanastahili kulipwa, zaidi ya dola milioni 100. Hawajazigusa. Zimekaa zinazaa riba, sasa zimepita bilioni moja, na wao ni kati ya watu maskini kabisa wa nchi hii. Nina mwenzangu wa zamu, Mlakota kutoka Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota. Nilipomuuliza kwa nini hawazichukui alinitazama kama nimeuliza bei ya mtoto wake.

Ni yeye aliyenisimulia habari za Dewey Beard. Windolph alifariki Machi 1950 akiwa na miaka 98, askari wa mwisho wa jeshi aliyebaki wa siku ile ya Little Bighorn. Upande wa pili Dewey Beard alibaki mpaka 1955. Alikuwa Mlakota, alipigana Little Bighorn akiwa kijana. Tarehe 29 Desemba 1890 alikuwa Wounded Knee, askari wa Kikosi kile kile cha 7 walipowafyatulia watu wa kambi yake waliokuwa wameshaanza kusalimisha silaha. Mke wake alikufa, wazazi wake wakafa, yeye mwenyewe akatoka na majeraha. Kisha, akiwa mzee, mwaka 1942 serikali ilimwondoa kwenye ardhi yake Pine Ridge ili ndege za vita zipate mahali pa kujifunza kudondosha mabomu.

Kwa Wounded Knee nako zilitolewa Nishani za Heshima, karibu 20. Jina ni lile lile la nishani ya wachota maji. Wajukuu wa waliouawa wameomba miaka mingi zifutwe. Septemba mwaka huu mkuu wa wizara ya ulinzi alitangaza hazifutwi. Siku ile mwenzangu alifanya kazi usiku kucha bila kusema neno. Asubuhi nilimpa chai yangu ya tangawizi, akanywa, tukaagana.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu tukiwa ukingoni mwa shimo, upepo unakata masikio. Nilimwambia wazi kwamba jeshi linaweza kukupeleka kwenye kilima cha maji na linaweza kukupeleka Wounded Knee, na aliyeshika bunduki haulizwi anataka kipi. Alisikiliza. Hakubisha, hakukubali. Aliuliza jambo moja tu, nami nikakosa jibu: "Babu alikwenda Burma kwa hiari yake, au alichukuliwa?"

Mama, mimi sijui. Najua alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, najua alirudi akajenga ile nyumba ya matofali mabichi, na najua alikuwa akitoka nje kila ngurumo za radi zikianza. Baba yake alikua akisikia habari za Kalenga, ngome ya Mkwawa, kubomolewa na Wajerumani, na yeye akaenda kupigana msituni kwa ajili ya Waingereza. Hatukumwuliza. Windolph alipokuwa mzee huku Lead, babu alikuwa ameshatoka Burma, wote wawili hai kwa wakati mmoja, kila mmoja na nishani yake. Ya babu imo kwenye kopo chini ya kitanda chako.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie mjomba afungue lile kopo, aitoe ile nyota ya shaba yenye pembe sita pamoja na utepe wake wa bluu na mwekundu, aipige picha mbele na nyuma, na kama kuna karatasi yoyote aipige pia. La pili ni lako peke yako. Kama babu aliwahi kukwambia alivyokwenda, na alichokiona huko, usimwambie mjomba aandike. Mpigie kitinda mimba wako, umweleze kwa sauti yako, kwa Kihehe. Hapa nyumbani anakisikia kwangu tu, na mimi nimeanza kusahau maneno.

Miadi yake na yule mwandikishaji ni tarehe 3 Desemba. Ameniahidi hatatia sahihi kabla hujampigia. Mpigie jioni ya kwenu, huku inakuwa asubuhi na yeye hajatoka kwenda kazini.

Fedha ya dawa ya goti nimetuma Alhamisi, jina la mjomba. Nisalimie shangazi, na wote wa jumuiya waliokuuliza habari zangu.

Binti yako wa kwanza