Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Mazingira wa Wilaya, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazee wa mfongo (mfereji wetu wa asili wa maji), wazazi na wanafunzi wenzetu.

Shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo. Nawe, Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu katika mwezi huu wa Juni, ambao tunajua ofisi zote zinafunga mahesabu ya mwaka wa fedha.

Mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi ya kusoma jinsi nchi mbalimbali zinavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tuligawana nchi kwa makundi, na kila kundi likapewa swali moja: wenzetu wamefanya nini ambacho sisi watu wa mlimani tunaweza kuanza nacho kesho, kwa mikono yetu? Kwa kipimo hicho Uholanzi ilitushinda mapema. Baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu zaidi ya 1,800, Waholanzi walijenga kuta na malango makubwa ya kuzuia bahari. Tunawaheshimu kwa kazi hiyo, ila gharama zake hazifanani na mfuko wa kata yetu.

Niger ndiyo iliyotukalisha chini. Ni nchi ya ukame na moja ya nchi maskini zaidi duniani, lakini tangu miaka ya 1980 wakulima wa mikoa ya Maradi na Zinder wamerudisha miti kwenye hekta zinazokadiriwa kufika milioni 5, tena bila kutegemea vitalu. Visiki vya miti iliyokatwa zamani vilikuwa bado hai ardhini. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, kisha huyalinda yasiliwe na mifugo. Hapa nchini wenzetu wa Dodoma wanaiita njia hiyo kisiki hai. Jambo lililotugusa zaidi ni kwamba miti ile ilistawi baada ya wakulima kuiona kuwa mali yao. Walipoamini kuwa ni ya serikali, hakuna aliyeilinda.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo ndipo tulipogeuka kuutazama mlima wetu. Tangu 1912 Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na picha za barafu hiyo zinatembea dunia nzima. Tunaililia, kwa sababu wadogo zetu huenda wasiione. Lakini tulijifunza jambo ambalo tungependa kila mzazi aliyepo hapa alisikie: maji ya chemchemi na mito yetu kwa sehemu kubwa hayatokani na barafu. Yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Basi moto uliowaka mlimani Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, unapaswa kututia hofu kuliko barafu inayopungua. Na kila mti wa kivuli, mringaringa au mruka, unaokatwa kihambani (shamba la nyumbani) bila kupandwa mwingine unapunguza kivuli cha migomba na kahawa, na unyevu wa udongo unaondoka nao. Wazee wetu walichimba mifongo na kugawana maji kwa zamu kabla neno tabianchi halijasikika. Tunasikitika kwamba vijana wengi wa rika letu hatujui zamu ya maji ya ukoo wetu ni siku gani.

Bangladesh nayo ilitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Tangu 1972 wana mpango wa watu wa kujitolea, ambao sasa wamezidi 70,000. Wanapita vijijini na bendera na vipaza sauti, wakiwahimiza watu waende kwenye majengo ya hifadhi. Kimbunga Amphan kilipofika Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wameshahamishwa, na vifo nchini humo havikufika 100. Kimbunga kilikuwa kikali, lakini taarifa ilikuwa imetangulia.

Sisi tuna ndugu zetu Kahe na tambarare yote ya chini. Mvua kubwa ikinyesha huku juu usiku, maji huwafikia wakiwa wamelala, pengine kwao halijadondoka hata tone. Mtu wa juu ndiye anayejua, na ana simu mkononi. Kwa hiyo klabu ilitengeneza kipima mvua kwa chupa ya plastiki, nacho husomwa kila siku saa tatu asubuhi na kuandikwa ubaoni. Ni mwanzo mdogo, na tunajua chupa si kifaa cha kutegemewa maisha ya watu yakiwa hatarini.

Hatuwezi kukaa kimya pia kuhusu haki. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Tunaomba wanaotuwakilisha waendelee kuudai bila kuona haya. Wanaosombewa mashamba si waliochafua hewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, yapo mambo tunayoyaleta kwako. La kwanza na kubwa ni kipima mvua halisi, pamoja na ofisi yako kutuunganisha na Mamlaka ya Hali ya Hewa na viongozi wa vijiji vya Kahe, ili taarifa ya mvua ya mlimani iwe na njia rasmi ya kushuka hata usiku. Tunaomba pia mabomba na saruji ya kutengeneza banio (mahali maji yanapoingilia) la mfongo unaopita nyuma ya shule. Nguvu kazi tunayo, na wazee wameahidi kutuelekeza. Mwisho ni jiko. Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Chai na uji vinapikwa kwa gesi, lakini makande bado yanatumia kuni kwa sababu mitungi haitoshi. Tukipata mitungi mikubwa miwili na majiko yake, kuni zitakoma shuleni kwetu muhula ujao.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Mazingira