Seli mundu si ya upande wa mama peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaosema seli mundu, ugonjwa wa damu ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu, ni ugonjwa wa "ukoo fulani". Mtoto kalazwa, viganja na nyayo zimemvimba, analia usiku kucha, na ndugu waliokuja kumjulia hali wanaulizana mama yake katokea wapi. Nimemsikia shangazi mtu akisema bila haya: "Kwetu hatuna damu ya hivyo."

Kaka yake anayo, na huenda hata yeye anayo. Mtoto huugua seli mundu aliporithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama. Mzazi mwenye kimoja ni mzima, wala hajijui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa. Shangazi akimnyooshea kidole wifi yake, amnyooshee na kaka yake.

Wala si laana. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akakuta kwamba pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Viktoria zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano ana kinasaba hicho, ilhali nyanda za juu ni adimu. Mwaka 1954 akatoa jibu: mwenye kimoja hafi kirahisi kwa malaria. Penye mbu wengi, hao ndio waliopona wakazaa. Wengi wetu tupo kwa sababu bibi fulani alikuwa nacho (faraja ndogo, najua, kwa anayekesha wodini).

Na kabila hakichagui. Huko Oman, uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa ulikuta alama za asili tatu: ya Benin, ya Kibantu, na ya Uarabuni na India. Anayejua majahazi yalivyokuwa yakienda na kurudi kwa kaskazi na kusi hatashangaa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Basi mashehe na wachungaji wanaofungisha ndoa wawashauri wachumba wote wawili wakapime, bila kuvunja uchumba wa mtu. Na wizara ihakikishe kichanga anatobolewa kisigino na kupimwa kabla hajatoka hospitali ya wilaya, ili aanzishiwe mapema penisilini ya kumkinga na maambukizi, na haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu ya ugonjwa huu, ipatikane hukohuko wilayani, si mpaka mzazi apande basi kwenda mjini.

Msomaji wako,
Tanga